Ajali Ile Ilikuwa na Kinga

Watu wetu wana maneno ya kuliwaza ambayo hutoka upesi kila jambo la kuumiza linapotokea, na miongoni mwayo ni machache yaliyozoeleka kama haya: ajali haina kinga. Husemwa hospitalini, husemwa msibani, husemwa kando ya barabara penye gari lililopinduka. Anayeyasema huwa hana nia mbaya. Anataka kumpunguzia mwenzake mzigo. Sisi nasi tuliambiwa maneno hayo na watu wengi katika Ramadhani moja tulipokuwa bado watoto, na wazazi wetu waliyapokea kwa shukrani. Ilipita miezi kabla ya baba yetu kutambua kwamba maneno hayo yalikuwa yakimuumiza mmoja wetu kimyakimya, na siku aliyotambua aliyapiga marufuku nyumbani kwake.

Tunaoandika haya ni ndugu watatu wa tumbo moja. Leo sote ni watu wazima, tuna nyumba zetu na watoto wetu, na kila mwisho wa wiki tukipita mitaani tunaona yale yale yaliyotukuta: gari limeinuliwa nyuma kwa jeki moja, tairi limetolewa, miguu ya mtu imechomoza chini ya bodi, na watoto wake wamesimama karibu wakimpa spana. Tumekubaliana tuisimulie habari yetu, tukitaraji kwamba itamfikia baba mmoja kabla hajaingia chini ya gari lake.

Baba yetu alikuwa karani bandarini Dar es Salaam, na tuliishi Magomeni. Alikuwa na Toyota Corolla iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, gari la gia za mkono, naye alilitunza kama mtu atunzavyo kitu alichokisubiri miaka mingi. Hakuwa fundi, lakini alijifunza kwa kutazama, na kazi ndogondogo alizifanya mwenyewe uani: kubadili oili, kusafisha plagi, kukagua breki. Kwa kazi hizo alikuwa na sanduku la spana na ile jeki iliyokuja na gari, jeki ya kuzungusha kwa mkono inayojikunja kama mkasi. Kabla ya kuanza alisema Bismillahi kwa sauti, nasi tukijua kwamba kuanzia hapo hakuna mchezo.

Mwaka ule tulipanga kwenda kula Idd Tanga kwa bibi yetu. Safari hiyo ya kupitia Chalinze na Segera ni ya kilomita zipatazo 350, na breki za nyuma zilikuwa zimeanza kulia. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ya Jumapili, baba akaamua kuzifungua azitazame. Jua lilikuwa kali na tulikuwa tumefunga, kwa hiyo hatukuliacha gari pale linapolala siku zote. Tulilisukuma kwa mikono hadi kwenye kivuli cha mwembe, juu ya sakafu ya saruji ambapo mama alikuwa akifulia. Ili lisukumike, gia ilitolewa, na haikurudishwa. Sakafu ile ilikuwa na mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye mfereji, mdogo kiasi kwamba mtu aliyesimama juu yake hakuuona.

Baba alivuta breki ya mkono, akalegeza nati za tairi la nyuma la kulia, akaingiza jeki chini ya ukingo wa bodi, akazungusha mpaka tairi likaachana na sakafu. Tairi likatolewa na kulazwa pembeni, juu ya mkeka ambao mama alikuwa ameanika mchele. Mama akatoka ndani akatukemea, na alikuwa na haki. Kaka yetu mkubwa akaliondoa upesi, na kwa kuwa hakuona pa kuliweka, akalisukumiza chini ya gari likiwa limelala, karibu na jeki.

Dramu ya breki ikakataa kutoka. Baba aliigonga pande zote, haikutikisika, kisha akakumbuka sababu: breki ya mkono ilikuwa imevutwa, na brekishuu zilikuwa zimeibana dramu kwa ndani. Akamwita dada yetu, aliyekuwa darasa la sita, akamwambia aingie garini aishushe. Dada yetu alifurahi, kwani ilikuwa mara yake ya kwanza kushirikishwa katika kazi hiyo. Wakati huohuo nati moja iliponyoka katika kifuniko tulimozitia, ikabingirika chini ya gari, na kaka yetu akalala kifudifudi akaingiza mkono, bega na kichwa ili aifikie. Baba alikuwa ameinamia dramu, hakumwona.

Dada yetu alibonyeza kitufe, akashusha breki. Gari likaenda mbele. Halikwenda hata hatua moja, labda upana wa kiganja, lakini jeki haina magurudumu ya kulifuata gari. Ilipinduka, na upande ule wa nyuma ukaanguka kwa kishindo ambacho majirani walikisikia. Baba aliruka kando, na alipotazama aliona miguu ya mwanawe tu. Alilishika gari kwa mikono miwili akajaribu kuliinua peke yake, huku akimwita Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Kaka yetu akajibu kutoka chini kwamba yu mzima.

Gari halikuwa limefika chini kabisa. Ukingo wa bodi ulikuwa umelikalia lile tairi lililofukuzwa kwenye mkeka wa mchele, na kati ya bati na sakafu palibaki nafasi yenye unene wa tairi lililolala, pungufu kidogo ya shubiri. Kichwa cha kaka yetu kilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Alitoka na bega lililochubuka na shati lililochanika, na zaidi ya hayo, Alhamdulillahi, hakuwa na jeraha.

Jioni nyumba yetu ilijaa watu. Walileta futari, wakamwombea kaka yetu dua, na kila aliyeaga alisema: ajali haina kinga, shukuruni. Tulishukuru, na tunashukuru hadi leo. Lakini watu wanapojizuia kuuliza kwa nini jambo limetokea, jambo hilo hutafutiwa sababu na midomo ya mtaani. Haikupita siku mbili habari ilikuwa imekwisha kupata sura: gari lilianguka kwa sababu mtoto wa kike alishusha breki. Shangazi mmoja, kwa mzaha wa kawaida, alimpokea dada yetu mlangoni akamwambia, “Karibu, wewe uliyetaka kutumalizia kaka yako.” Watu wakacheka. Dada yetu naye akacheka.

Siku iliyofuata baba alimleta fundi, mzee aliyefanya kazi hiyo Gerezani kwa miaka mingi. Mzee yule alilizunguka gari mara moja, akautazama mteremko, akaiokota jeki iliyopinda, kisha akauliza, “Shekhe, kabari zako ziko wapi?” Baba akasema hakuwa na kabari, ila breki ya mkono alikuwa ameivuta. Fundi akamwuliza tena, “Na hiyo breki ya mkono inashika matairi gani?” Baba hakujibu. Sisi tulikuwepo tukasikia, lakini hatukujua bado uzito wa swali lile.

Tuulize pamoja na wasomaji wetu, kwa kuwa ndani ya swali hilo ndimo ilimokuwa roho ya kaka yetu. Breki ya mkono, katika magari mengi tunayoyatumia, hushika matairi ya nyuma tu. Basi anayeinua sehemu ya nyuma ya gari anayaondoa ardhini yale yale matairi yaliyoshikwa. Akiinua upande mmoja, limebaki tairi moja la nyuma la kulizuia gari lisitembee. Akiinua pande zote mbili, halikubaki hata moja. Na kama kazi yenyewe ni ya breki za nyuma, breki ya mkono itabidi ishushwe ili dramu itoke, na hapo gari linasimama kwa sababu tu halijapata sababu ya kuondoka. Matairi ya mbele, kama hayana gia wala kabari, yako huru kama ya mkokoteni. Anayeinua mbele ya gari bado anasaidiwa na breki ya mkono. Anayeinua nyuma amejinyima msaada huo kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yetu ile ilikuwa imekwisha haribika tangu tulipolisukuma gari hadi mwembeni na kuliacha bila gia.

Idd tuliila Tanga, tukaenda kwa basi. Gari likatengenezwa baadaye, na mambo yakaonekana yamekwisha. Tulichochelewa kukiona ni kwamba dada yetu alikuwa haketi tena kiti cha mbele. Kila tulipotoka alitangulia kuingia nyuma, akaketi katikati, mikono juu ya mapaja. Siku moja baba alimtuma garini amletee miwani yake. Akakawia. Mama alipotoka kumtazama alimkuta amesimama kando ya mlango, mkono kwenye kitasa, machozi yakimtiririka. Alipoulizwa, alisema maneno machache tu: “Nikigusa kitu, kitamwangukia mtu.”

Usiku ule, baada ya swala ya Magharibi, baba alitukalisha sote kwenye mkeka. Hakuzungusha maneno. Alimtazama dada yetu akasema, “Mwanangu, wewe ulitumwa, na ulifanya ulichotumwa. Aliyekutuma ni mimi. Gari nililiacha bila gia mimi, sikuweka kabari mimi, na nililiinua penye mteremko mimi. Watu wanaposema ajali haina kinga wananisitiri mimi na kukuacha wewe nje. Ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ni vipande viwili vya mbao. Nisamehe.” Kisha akasema kwamba maneno yale yasitajwe tena katika nyumba yake kwa habari ya gari lile.

Tulikuwa watoto, lakini tulijua tumeshuhudia jambo zito: mtu mzima wa rika la baba yetu kumwomba msamaha binti wa darasa la sita mbele ya ndugu zake. Baba hakuwa akiikana kadari. Alikuwa mtu wa msikitini, na alituambia mara nyingi kwamba lile tairi chini ya gari halikuwekwa na akili ya yeyote kati yetu, bali lilikuwa rehema. Alichokikataa ni kuitumia kadari kama pazia la uzembe. Kisa cha bedui na ngamia wake sote tulikisoma madrasa. Baba alisema kwamba alikisoma utotoni, akakisimulia kwa wanawe, na bado akaliacha gari lake bila kufungwa.

Jumapili iliyofuata alimwita tena yule fundi wa Gerezani, safari hii si kutengeneza bali kufundisha, akamlipa ujira wake wa siku nzima. Tuliyofundishwa siku ile ndiyo tunayoyafanya hadi leo, na tunayaeleza hapa kwa utaratibu wake.

Kwanza ni mahali. Gari liinuliwe palipo tambarare na pagumu. Penye mchanga, jeki huzama upande mmoja polepole huku mwenyewe akiendelea na kazi; hata lami, jua likiwa kali, hulainika. Asiye na sakafu ya saruji aweke ubao mnene na mpana chini ya jeki. Na asiyeamini macho yake kuhusu mteremko amwage maji kidogo atazame yanakokwenda. Mtihani huo mdogo ungetuonyesha kila kitu, kwa kuwa sakafu ile ilijengwa kwa ajili ya maji.

Pili ni kulifunga gari. Gari la gia za mkono liwekwe gia namba moja, la otomatiki liwekwe P, na breki ya mkono ivutwe. Kisha kabari ziwekwe kwenye matairi ya mbele, mbele yake na nyuma yake, zikigusa mpira barabara. Mtu asitosheke na gia peke yake. Katika gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kama Hiace, gia hushika matairi hayo hayo ya nyuma, na tairi moja likishakuwa hewani, difu huliruhusu lile la pili kuzunguka. Kabari haina hila za namna hiyo. Siku ile fundi alimkabidhi dada yetu kabari, akamwambia aziweke yeye, kisha akamwambia baba ajaribu kulisukuma gari. Baba alisukuma kwa nguvu zake zote, gari halikwenda. Fundi akamwambia dada yetu aingie ashushe breki ya mkono. Alisita kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Aliposhusha, gari halikuonyesha hata dalili ya kwenda.

Tatu, nati za tairi zilegezwe kidogo tairi likiwa bado chini, kama nusu mzunguko hivi. Anayezilegeza gari likiwa juu analisukasuka gari juu ya jeki kwa nguvu ya mwili wake mzima.

Nne ni mahali pa kuweka jeki. Kila gari lina sehemu zake zilizoimarishwa, na kitabu cha gari huzionyesha kwa picha. Katika magari mengi madogo zipo kwenye ukingo wa chini wa bodi, mbele kidogo ya tairi la nyuma, zikiwa na vikato viwili au alama nyingine. Jeki isiwekwe chini ya tangi la mafuta, wala chini ya bomba la eksozi, wala chini ya bati la kuhifadhia tairi la spea, kwa kuwa bati hilo linaonekana gumu lakini hubonyea. Anayetaka kuinua nyuma yote kwa pamoja kwa ile jeki kubwa ya gereji yenye vigurudumu lazima ajue mhimili uliokubaliwa na waliotengeneza gari lake. Asiyeujua ainue upande mmoja baada ya mwingine. Wakati wa kuinua, mtu asiwemo garini, na buti lisiwe na mizigo.

Tano, na hapa fundi alisimama akatuambia tuache kila kitu tumsikilize: jeki ni ya kuinua, si ya kushika. Jeki ya kuja na gari imetengenezwa kwa kubadili tairi tu, mtu akiwa nje. Ile ya mafuta yenye umbo la chupa ina nguvu zaidi, lakini inashikilia gari kwa mafuta yaliyozuiwa na mipira midogo, na siku mpira mmoja utakapochoka jeki haitampigia mtu hodi. Cha kushika gari ni stendi, vile viguu vya chuma vyenye miguu mitatu au minne na pini au meno ya kufungia kimo. Ziwe mbili, zenye kimo sawa, na uwezo wake wa kubeba usomwe kabla ya kununua. Gari dogo la familia lina uzito wa takribani tani moja, na sehemu ya nyuma peke yake hubeba kilo zipatazo 400. Stendi ziwekwe chini ya sehemu zilizoimarishwa, au chini ya ekseli kwa magari yenye ekseli nzima nyuma, kisha jeki ishushwe taratibu mpaka uzito uhamie kwenye stendi. Baada ya hapo gari lisukumwesukumwe kwa mkono kutoka pembeni. Kama litaanguka, na lianguke hapo ambapo hakuna mtu chini yake.

Wengi huuliza kama matofali hayatoshi. Hayatoshi. Tofali la saruji hubeba uzito mkubwa ukilikalia sawasawa, kama ukutani. Likibanwa na ncha moja ya chuma hupasuka ghafla, wala halitoi onyo. Mawe yaliyopangwa huteleza. Bei ya stendi mbili wakati ule haikuzidi bei ya tairi moja jipya, na baba alizinunua mwezi uleule kabla ya kununua kitu kingine chochote cha gari.

Sita ni lile tairi. Fundi alipoelezwa jinsi kaka yetu alivyonusurika alitikisa kichwa, akasema kwamba mafundi wenye busara hulilaza tairi waliloling'oa chini ya ukingo wa bodi kwa makusudi, juu ya yote waliyokwisha kuyafanya. Haligharimu kitu na halizuii kazi. Tangu siku ile, katika nyumba zetu tatu, tairi likitoka halilazwi kwingine.

Saba, watoto wakae mbali. Wanaotaka kujifunza wajifunze, na wajifunze wasichana kama wavulana, lakini wasimame mahali ambapo mwenye kazi anawaona, na yeyote asiingize mkono chini ya gari, hata kwa nati iliyoanguka, kabla ya kusema kwa sauti na kujibiwa. Nati ni kitu cha kununuliwa dukani. Na anayemtuma mwenzake kufanya jambo garini atazame kwanza kila mtu yuko wapi. Kama baba angegeuza shingo yake mara moja tu siku ile, tusingekuwa na habari ya kuandika.

Kazi ikiisha, mambo hurudi kwa njia yalikopita. Nati zifungwe kwa mkono, gari liinuliwe kidogo, stendi zitolewe na tairi lililolala liondolewe, gari lishushwe, kisha nati zikazwe tairi likiwa ardhini, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Kabari hutoka mwisho kabisa. Baada ya mwendo wa kilomita chache za kwanza, nati zikaguliwe tena.

Baba yetu ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Gari lile liliuzwa zamani. Kabari alizokuwa amezichonga kwa mabaki ya mbao za mninga, zilizosalia kitanda cha mama kilipotengenezwa, anazo dada yetu. Ana gari lake, huliendesha hadi Tanga akiwa na watoto wake, na anapoliinua huwa hamwachii mtu mwingine kazi ya kuzipanga. Mmoja wetu akienda kuziazima huulizwa ni kwa kazi gani, penye sakafu ya namna gani, na stendi ziko wapi. Hatukasiriki.

Kwa waliofikwa na msiba usiozuilika, maneno ya kuliwaza yana mahali pake, nasi tunayasema kama watu wengine. Tunaomba tu kwamba mtu ajiulize kwanza kabla ya kuyasema. Huenda nyuma ya mlango amesimama mtoto anayedhani kwamba kosa ni lake, naye anamngoja mkubwa mmoja aseme ukweli. Na mwenye gari lililo juu ya jeki leo, kama hana kabari, basi na alishushe. Breki zitasubiri mpaka kesho.